Tapentaini halisi ya utomvu wa misindano: miezi mitano nayo karakanani

Nakarabati samani za kale hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 19 sasa, na karibu muda wote huo nilichokuwa nikikiita tapentaini kilikuwa waiti spiriti, zao la mafuta ghafi ya petroli. Maduka ya vifaa vya ujenzi huiuza kwa jina hilohilo la tapentaini, na sisi mafundi tunaibeba bila kuuliza. Mwezi Machi nilinunua kopo la lita moja la tapentaini yenyewe, iliyotoka Ureno, kwa shilingi 42,000. Waiti spiriti ningeipata kwa chini ya robo ya bei hiyo, kwa hiyo nieleze fedha ilikwenda wapi.

Kilichonisukuma ni sanduku la mvule lenye njumu za shaba, lililoletwa na mama mmoja wa Pangani. Ni la bibi yake. Lilikuwa na tabaka juu ya tabaka za nta ya zamani, moshi wa jikoni na vumbi, hata nakshi za pembeni hazisomeki. Tina, kile kiyeyushio kikali cha rangi, ingekula vanishi ya chini, na hilo sikuwa tayari kulifanya kwa sanduku lile. Tapentaini nilipoichovya kwa pamba na kuzungusha taratibu, uchafu ulilegea ukatoka mweusi kwenye pamba, vanishi ikabaki mahali pake. Upande mmoja ulinichukua asubuhi nzima. Harufu yake ni ya ubao wa msindano uliopasuliwa sasa hivi. Ni kali, lakini hainipi kile kichwa kizito cha jioni ninachokipata kwa tina.

Kisha nikapima tapentaini na waiti spiriti. Nilitia punje za damari, utomvu mkavu wa kutengenezea vanishi, kwenye vichupa viwili. Kufikia kesho yake ndani ya tapentaini zilikuwa zimeyeyuka, chini kumebaki vipande vya gome tu. Kwenye waiti spiriti kulibaki ute mweupe ambao hata kwa kutikisa haukuisha. Kwa nta ya nyuki tofauti ni ndogo, zote zinaiyeyusha. Mimi hukwangua gramu 100 za nta katika mililita 300, nikaweka chupa ndani ya maji moto yaliyokwisha kuepuliwa, mbali kabisa na jiko. Polishi ya tapentaini ndiyo iliyonipendeza: inaingia kwenye mvule na haiachi utando wa kunata.

Kabla ya hapo sikuwa nimefikiria jinsi jambo hili linavyotuhusu watu wa pwani. Sandarusi, utomvu wa miti wa kale uliogeuka mgumu, iliyochimbwa ardhini huku kwetu na kusafirishwa kupitia Zanzibar katika karne ya 19 ilikwenda kutengeneza vanishi za magari ya farasi Ulaya na Marekani. Ni ngumu mno, haiyeyuki hivihivi. Iliyeyushwa kwanza kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani, halafu ikalainishwa kwa tapentaini. Na karafuu maiti inayotengenezwa viwandani leo hutokana na pinini, kiungo kikuu cha tapentaini. Viwanda vya manukato navyo huanzia hapohapo.

Kuitengeneza kwenyewe si siri. Gome la msindano huchanjwa, utomvu ukakingwa, ukapikwa kwa mvuke. Tapentaini hupanda, chini hubaki rozini, ile ya rangi ya asali ambayo mafundi redio huitumia wanapochomelea kwa risasi. Kwenye msitu wa Sao Hill kule Mufindi misindano inagemwa utomvu. Natamani sana siku moja ninunue kopo lililojazwa hukohuko Mafinga.

Sasa kasoro. Kopo jingine nililouziwa na duka tofauti halikuwa na tarehe yoyote, na lilikuwa zee. Tone moja kwenye karatasi nyeupe liliacha duara la njano linalonata. Tapentaini safi hukauka bila kuacha kitu. Ikikaa na hewa inaganda kidogokidogo, vanishi yako haikauki, na ngozi inaathirika zaidi: kijana wangu wa kazi alivimba vidole kwa kushika lile kopo bila glavu. Tangu hapo glavu ni lazima, na kopo likipungua nahamishia kwenye chupa ndogo ya kioo, naijaza hadi shingoni.

Moto nao usiuchezee. Mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi joto 35 hivi, na chini ya bati la karakana yangu mwezi Februari joto hilo tunalifikia kabla ya adhuhuri. Madirisha yote wazi, hakuna sigara, hakuna jiko la chai. Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe pembeni, hupata joto yenyewe hadi yakawaka. Yangu nayaloweka kwenye ndoo ya maji.

Kwa kuoshea brashi za rangi ya geti siwezi kukushauri uinunue, waiti spiriti inatosha. Kwa samani ya kale, nta au vanishi ya damari, nainunua tena, ila safari hii nimeagiza makopo mawili ya nusu lita badala ya moja kubwa. Sanduku limekwisha kurudi Pangani. Chini ya moshi ule kulikuwa na nakshi ya maua ambayo mwenyewe hakuwahi kuiona.