Verstappen kwa macho ya shabiki wa Hamilton: je, anafaa kutazamwa?

Niseme mapema: mimi ni mtu wa Lewis Hamilton, dereva wa langalanga (Formula 1). Nilikuwa naye McLaren, nikahama naye kwenda Mercedes, na sasa kavaa jekundu la Ferrari bado niko upande wake. Kwa hiyo tathmini hii ya Max Verstappen inatoka kwa mtu ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akiomba injini ya jamaa huyu ife kabla ya kona ya kwanza. Nikimsifu mahali, jua nimebanwa na ushahidi.

Naiandika kwa ajili ya mtu anayeanza kufuatilia langalanga na anajiuliza kama huyu Mholanzi wa mataji manne mfululizo, 2021 hadi 2024, anastahili Jumapili zake, au ni gari tu lililombeba. Hoja ya "ni gari tu" nimeitumia sana mimi mwenyewe kwenye mabishano. Ina ukweli ndani yake, maana katika mchezo huu hakuna bingwa aliyeshinda na gari bovu. Lakini kwa Max kuna njia rahisi ya kuipima. Acha kumwangalia yeye, angalia gari la pili la timu yake, Red Bull.

Kila timu ina magari mawili ya aina moja. Mwaka 2023 Max alikusanya pointi 575, mwenzake Sergio Pérez akapata 285, na bado Pérez alimaliza wa pili duniani. Ungesema hapo gari ndilo lililokuwa na nguvu, na ungekuwa sahihi: Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22, wakaachia ya Singapore tu. Sasa nenda 2024, gari lilipoanza kusumbua. Max 437, Pérez 152. Mwaka 2025 timu ikamleta Liam Lawson, ikamwondoa baada ya mbio mbili, ikamwita Yuki Tsunoda. Tsunoda alimaliza msimu na pointi 33. Max alikuwa na 421, akigombea ubingwa hadi mbio za mwisho.

Na hawa si madereva wa kubahatisha. Pierre Gasly aliondolewa kwenye kiti hicho katikati ya 2019, mwaka uliofuata akashinda mbio za Monza, Italia, akiwa na timu ndogo ya AlphaTauri. Alex Albon aliyempokea naye akatolewa mwisho wa 2020, leo ni nguzo ya Williams. Kiti kile kimekula watu wazima.

Sababu yake ni ya kiufundi, na ukiielewa utaanza kuona vitu ambavyo hukuviona. Madereva wengi wanataka mkia wa gari utulie. Wakigeuza usukani wanapenda pua iingie kwenye kona taratibu, nyuma ikae ilipo, ndipo wakanyage mafuta kwa imani. Max anataka kinyume: pua ing'ate kona papo hapo, na mkia ukilegea yeye ataudaka. Gari la hivyo lina kasi zaidi mikononi mwa anayeliweza, kwa sababu halipotezi muda kusubiri pua igeuke. Mikononi mwa mwingine linatisha. Albon aliwahi kulifananisha na kucheza gemu la kompyuta huku kipanya kimewekwa kwenye wepesi wa mwisho kabisa: ukigusa kidogo tu, kimeruka upande wa pili wa skrini. Tafuta picha za kamera iliyo juu ya kichwa cha Max kwenye kona za kasi, uangalie mikono. Anageuza mara moja, kisha kunakuja visahihisho vidogo vidogo, vya haraka mno, kabla mkia haujaonekana kuondoka. Halafu weka picha za mwenzake wa msimu huohuo. Utamwona anasahihisha akiwa amechelewa, muda umeshapotea.

Hapohapo ndipo ninapoikata timu alama. Dereva mmoja akishinda kila wiki, ni rahisi gari kuzidi kuelekea kwake mwaka hadi mwaka, mpaka likabaki la mtu mmoja. Mwaka 2024 Max alichukua ubingwa wa madereva huku Red Bull wakimaliza wa tatu kwenye ubingwa wa timu. Mwaka 2025 wa tatu tena. Unaweza kuwa na dereva bora kuliko wote na bado ukawa timu ya nusu, na Red Bull wameishi hivyo misimu miwili. Katika kipindi hicho hicho mbunifu wao mkuu Adrian Newey aliondoka akaenda Aston Martin, bosi wa timu Christian Horner akafutwa kazi Julai 2025 na nafasi yake akapewa Laurent Mekies, na mwisho wa mwaka mshauri wao mzee Helmut Marko, aliyempa Max kiti cha langalanga akiwa bado na miaka 17, naye akaaga. Ni timu iliyopoteza karibu watu wake wote wakubwa, na jamaa akaendelea kushinda mbio nane msimu huo.

Mvua sasa. Hapa hata mimi hukaa kimya.

Lami ikiwa kavu, magari yote hupita njia moja kwenye kona, na raba ya matairi hujipaka juu ya njia hiyo. Kwa ukavu ni faida, inashika. Maji yakimwagika, njia hiyohiyo ndiyo inayoteleza kuliko zote. Wengi wanajua hilo kwa nadharia. Max alilionyesha Interlagos, Brazil, mwaka 2016, akiwa na miaka 19. Alikuwa anapita nje kabisa, pembeni, mahali ambapo hakuna raba na lami bado ina makwaruzo ya kushika. Ikiwa imebaki kama mizunguko 15 alikuwa nje ya kumi bora baada ya kuingia kubadili matairi. Alimaliza wa tatu. Kabla ya hapo gari lilikuwa limemgeuka ubavu kwenye ule mwinuko wa kuelekea mstari wa kumalizia, pua inatazama ukuta, na akalirudisha njiani bila kugusa kitu.

Miaka minane baadaye, uwanja uleule, alianza wa 17 na akashinda kwa sekunde 19. Haki isemwe, bahati ilikuwepo. Bendera nyekundu ilitoka wakati yeye na magari mawili ya timu ya Alpine hawajaingia kubadili matairi, kwa hiyo wakabadilisha bure mbio zikiwa zimesimama, huku Lando Norris wa McLaren na George Russell wa Mercedes wakiwa wamekwisha kuingia. Lakini bahati ilimfikisha nafasi ya pili tu. Kumpita Esteban Ocon wa Alpine kwenye kona ya kwanza, kwenye maji, na kisha kumwacha kila mtu namna ile, hakuna bendera inayokupa. Kama unaanza kumtazama Max, anza na mbio hizo mbili za Interlagos, 2016 halafu 2024. Usianze na 2023. Msimu ule ni wa rekodi, mbio 19 na kumi kati ya hizo mfululizo, lakini kuutazama mzima ni adhabu. Ukifika katikati ya mbio unajua mshindi, na kamera zinamfuata wa sita na wa saba.

Uhasama wake na wapinzani ndiyo sehemu tamu na ndiyo sehemu chungu.

2021 siwezi kuiandika kwa utulivu. Silverstone waligongana mzunguko wa kwanza, Max akaishia ukutani, Hamilton akapewa adhabu ya sekunde kumi na bado akashinda. Monza gari la Max lilipanda juu ya la Hamilton, tairi likatua juu ya kichwa chake, na kile chuma cha kinga kinachozunguka kiti ndicho kilichomwokoa. Brazil, Hamilton alipojaribu kumpita kwa nje kwenye kona ya nne, Max aliachia breki wakatoka wote wawili nje ya lami, na waamuzi hawakufanya kitu. Jeddah akakanyaga breki mbele ya Hamilton, wakagusana. Wakafika Abu Dhabi wakiwa sawasawa, pointi 369.5 kila mmoja.

Yaliyofuata yanajulikana. Hamilton anaongoza, Nicholas Latifi anagonga ukuta, gari la usalama linatoka na wote wanapunguza mwendo nyuma yake, Max anaingia kuchukua matairi mapya laini. Mkurugenzi wa mbio, Michael Masi, akayaruhusu magari matano tu yaliyokuwa kati ya hao wawili yapite mbele yasiwe kizuizi, badala ya yote yaliyokuwa yamezidiwa mzunguko, na mbio zikaachiwa kwa mzunguko mmoja wa mwisho. FIA, shirikisho linalosimamia mchezo, baadaye ilisema yalikuwa makosa ya kibinadamu, matokeo yakabaki vilevile. Mimi bado nina donge. Ila ukiondoa usiku ule mmoja, Max ndiye aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote msimu ule, tairi lilimpasukia Baku akiwa mbele, na Hungary aligongwa kona ya kwanza kwa kosa la Valtteri Bottas, mwenzake wa Hamilton Mercedes. Taji lile hakuokota.

Ujanja wake wa kwenye kona ujue ulivyo, maana utauona tena na tena. Miongozo ya waamuzi ilikuwa inaangalia nani amefika kwanza kwenye kilele cha kona, yaani sehemu yake ya ndani kabisa. Max akiwa ndani anachelewa kufunga breki kupita kiasi, anafika kileleni kwanza, halafu mwendo unamtoa nje yeye pamoja na mwenzake wa upande wa nje. Kwa karatasi, kona ni yake. Austin 2024 alimfanyia Norris hivyo, na aliyeadhibiwa akawa Norris, kwa kumpita akiwa nje ya mstari. Wiki iliyofuata Mexico akarudia mara mbili, safari hii waamuzi wakamtwanga sekunde kumi mara mbili. Ni akili ya mwanasheria ndani ya helmeti. Kama unapenda mchezo safi, itakukera. Mimi hunikera, na mbio zikiisha huirudia kuitazama.

Sasa Barcelona 2025, ambako ndiko nilipomkatia nyota moja kati ya tano. Gari la usalama lilitoka mwishoni, wenzake wakaweka matairi laini, yeye akabakiwa na seti mpya ya magumu peke yake. Mbio zilipoanza tena gari liliteleza, Charles Leclerc akampita, Russell akamshambulia kona ya kwanza, Max akakata nje na kurudi mbele yake. Timu ikamwambia kwenye redio amrudishie Russell nafasi. Akapunguza mwendo kabla ya kona ya tano, Russell akaja pembeni, kisha Max akakanyaga mafuta na kumgonga. Sekunde kumi. Kutoka wa tano akashuka hadi wa kumi. Siku iliyofuata akaandika mwenyewe kwamba halikuwa jambo sahihi.

Wa tano anapata pointi kumi, wa kumi anapata moja. Alipoteza tisa kwa hasira ya sekunde mbili. Desemba, Norris alichukua ubingwa kwa pointi 423 dhidi ya 421. Najua hesabu haziendi hivyo moja kwa moja, Norris angeendesha tofauti Abu Dhabi kama angehitaji zaidi ya nafasi ya tatu. Lakini huyu ni mtu aliyekuwa nyuma ya Oscar Piastri kwa pointi 104 baada ya mbio za Uholanzi, akazifukia zote na kumpita Piastri, kwa ushindi wa Monza, Baku, Austin, Las Vegas, Qatar na Abu Dhabi. Kazi ya ajabu, na sehemu ya shimo alilokuwa akilifukia alilichimba mwenyewe Barcelona. Kwa dereva mwingine ningesema alikosa gari. Kwake siwezi.

Ukipata huduma yenye redio za timu, sikiliza yeye na mhandisi wake Gianpiero Lambiase, anayeitwa GP. Wanajibizana kama watu waliokaa nyumba moja muda mrefu: hakuna salamu, hakuna kubembelezana, na Max akianza kulalamika GP hamwachii. Inafaa kuliko maoni ya watangazaji wengi.

Na kama bado una shaka kwamba ni gari, toka kabisa kwenye langalanga. Septemba 2025, katikati ya kugombea ubingwa, alikwenda Nürburgring, kwenye ile njia ndefu ya msituni ya Nordschleife. Utaratibu wa pale haujali mataji: kwanza aliendesha Porsche Cayman iliyopunguzwa nguvu, kama mgeni mwingine yeyote, ili apate kibali. Kisha akarudi na Ferrari 296 GT3, yeye na Chris Lulham, wakashinda mbio zao za kwanza pale wakiwa na gari hilo. Miezi michache nyuma alikuwa amefanya majaribio hapohapo kwa jina la kubuni, Franz Hermann. Mkataba wake na Red Bull umeandikwa hadi 2028, lakini mtu anayejificha jina ili apate kuendesha zaidi siku yake ya mapumziko, mimi ningemtazama mapema kabla hajaamua kwamba langalanga imemchosha.