Skuta yangu ya umeme kwenye masika ya Dar: namba ya boksi na maji ya barabarani

Muuzaji wa Kariakoo alinihakikishia kwamba skuta hii haiingii maji. "Hata ukiitumbukiza, dada, inatoka nzima." Boksi lilikuwa na namba mbili: IPX4 ya skuta yenyewe na IPX7 ya betri. Yeye alikuwa anauza kwa ile ya betri.

Nimeitumia kiangazi na masika, Msasani hadi kazini Mikocheni. Ni chombo kizuri kilichopewa sifa zisizo zake.

Namba hizo za IP, zinazoeleza kifaa kinavyojikinga na vumbi na maji, zinatoka kwenye kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ya maji. X maana yake hakuna kipimo kilichotajwa hapo, si sifuri. Nne ni maji ya kurushiwa kutoka kila upande. Tano ni maji yanayorushwa kwa presha kutoka kwenye bomba, lita 12.5 kwa dakika kupitia mdomo wa milimita 6.3; sita ni lita 100 kwa dakika. Saba ni kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Wengi hudhani saba imebeba tano na sita ndani yake, kumbe haikubeba. Kitu kinaweza kukaa salama ndani ya pipa la maji, halafu kikaja kuingiza maji pale kwa waosha magari, maana presha inausukuma mpira wa kuzibia kwa namna ambayo maji yaliyotulia hayawezi. Aliyepima vyote huandika vyote, mfano IPX5/IPX7.

Manyunyu hayaisumbui kabisa. Mvua kubwa ndiyo habari nyingine, na adui wala si maji ya juu, ni gurudumu la mbele. Ukienda kilomita 25 kwa saa kwenye lami iliyolowa, gurudumu linayatupa maji chini ya ubao wa kusimamia, na huko ndiko betri na kontrola (kifaa kinachoongoza umeme wa mota) zilikolala, jirani na tundu la kuchajia lenye kifuniko cha mpira ambacho kadiri unavyokifungua ndivyo kinavyolegea.

Masika ilipokolea, skrini ikaanza kushika ukungu kwa ndani na taa ya nyuma ikawa inawaka inapojisikia. Fundi alifungua ubao akakuta pakavu. Ugonjwa ulikuwa kwenye plagi ya waya zinazopita shingoni, pale skuta inapokunjwa: pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Vipimo vya IP hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, juu ya kifaa kipya. Upepo wa bahari wa Msasani haumo. Akasafisha pini, akapaka grisi ya silikoni, kisha akaulaza waya upya ili ushuke kwanza ndipo upande kuingia kwenye plagi. Maji yanadondokea pale chini kabla hayajafika. Kazi ndogo tu, na ilipaswa kufanyika kiwandani.

Akaniambia pia kwa nini dimbwi ni baya kuliko mvua. Mota iliyo ndani ya gurudumu ikipata moto, hewa yake hutanuka na nyingine hutoka. Ukiiingiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyobaki husinyaa na kuyavuta maji kupitia pale waya unapoingilia kwenye ekseli. Tangu hapo dimbwi nalizunguka, hata bajaji wakinipigia honi.

Mdogo wangu ana baiskeli ya umeme, na kwa mvua naona imetuzidi. Betri iko juu kwenye fremu, matairi ni makubwa, madigadi ni marefu. Kinachobaki chini ni mota tu na plagi yake.

Kilichoniudhi ni karatasi ya dhamana: uharibifu wa maji haumo. Namba ile ile inayouza skuta haimlindi aliyeinunua.

Kwa kiangazi naipa nne kati ya tano. Kwa masika, mbili. Unayeishi karibu na bahari, uliza namba ya skuta nzima kabla ya namba ya betri, na tafuta inayoanzia IPX5. Ninebot Max G30, kwa mfano, imetajwa IPX5 kwa mwili na IPX7 kwa betri. Ikilowa, ifute na iache ikauke kabisa kabla ya kuchomeka chaja, hata kama kesho una safari ya asubuhi. Daladala zipo.