Nimeandika Mombasa, nikapelekwa Kenya: wiki tatu na programu ya kutafutia nyumba

Nimehamishiwa kazi Unguja kutoka Chake Chake, na sina jamaa wa kunizungukia mitaani kutafuta nyumba. Dalali niliyempata kwa simu alitaka nauli kwanza. Nikaona bora nipakue ile programu ambayo vijana wa ofisini wanaisifu. Jina silitaji, wanaoitumia wataijua. Nyumba nimepata, ila nyota nimeipa tatu kati ya tano, na sababu zake ni hizi.

Siku ya kwanza niliandika Mombasa. Yetu hii ya Unguja, ya Kwa Mchina. Ikanimwagia fleti za Nyali zenye lifti na bei kwa shilingi za Kenya. Haya, nikaandika Kisauni, nikikusudia ile ya karibu na uwanja wa ndege. Nikarudishwa Kenya tena, maana na wao wana Kisauni yao. Magomeni ikanipeleka Dar es Salaam. Kumbe pahala pa kuchagua mkoa papo, pamefichwa ndani ya vistari vitatu vya pembeni, nilipagundua siku ya nne. Na ukishachagua Mjini Magharibi, ukaifunga programu ukaswali, ukirudi imeshasahau. Unaanza upya. Simu inajua nilipo, inajua jana nimetafuta nini, bado inaniuliza kama mgeni.

Vichujio navyo ni vya hoteli: bwawa la kuogelea, umbali hadi ufukweni, kifungua kinywa. Mpangaji wa hapa anauliza maji yanatoka au ni ya kisima, mita ya umeme ya Tukuza ni yako peke yako au mnachangia na jirani, kodi inatakiwa ya miezi sita au ya mwaka. Hakuna hata kimoja. Niliwaandikia, na kwa hili nawapongeza, walijibu siku ya pili wakaniuliza ningependa nini zaidi. Nami, badala ya kusema maji na umeme, nikasema matokeo kumi kwa ukurasa ni machache mno, nachoka kubonyeza.

Toleo jipya likaja na chaguo la 10, 30 au 100. Nikachagua 100 kwa furaha, nikiwa bandarini Mkoani, Pemba, nasubiri boti. Picha zikaanza kushuka moja moja kama mvua ya vuli isiyo na haraka. Bando limekatika kabla sijafika nyumba ya ishirini! Nikarudi kwenye kumi mwenyewe, kimya kimya, wala sikuwaandikia tena.

Kilichoniliwaza ni kuwa waliotutangulia nao yamewakuta. Mwaka 2006 Marissa Mayer, wakati huo akiwa Google, alieleza mkutanoni kwamba waliwauliza watu wanataka matokeo mangapi, watu wakasema mengi zaidi. Walipojaribu kuwapa 30 badala ya 10, utafutaji katika kundi lile ukashuka kwa asilimia 20. Ukurasa wenye matokeo 10 ulichukua sekunde 0.4, wenye 30 sekunde 0.9. Nusu sekunde tu, na watu wakaondoka! Mie nilisubiri zaidi ya hapo kwa picha ya choo.

Kuna jambo moja wamelipatia hasa, na nadhani aliyelitengeneza ni mtu wa hapahapa: unaweza kuandika namba ya daladala. Ukiandika 505 unapata nyumba za njia ya uwanja wa ndege, ukiandika 502 unapata za upande wa Bububu. Hivyo ndivyo tunavyoelekezana. Mke wangu, ambaye hana subira na simu, hilo alilielewa bila kufundishwa.

Tahajia ndiyo iliyobaki. Mwenye nyumba mmoja ameandika Mwanakwerekwe, mwengine M/Kwerekwe, mwengine Kwerekwe, na programu inaziona kama mitaa mitatu tofauti. Ukitafuta kwa jina moja, mengine huyaoni. Nyumba ninayokaa sasa, vyumba viwili na ua wake, skuli ya watoto kwa miguu, ilikuwa imetangazwa tangu wiki ya kwanza. Sikuiona mpaka usiku mmoja kidole kiliponiteleza nikaandika "Kwereke", na mwenye nyumba naye alikuwa ameandika hivyohivyo.