Dalali wa mtandaoni na nyumba yetu ya Majengo

Baba alipofariki alituachia nyumba ya Kiswahili huko Majengo, Mombasa: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, baraza mbele, na uani wenye kisima, jiko na choo. Kaka yangu anafanya kazi Dubai, mimi ninaishi Mikindani, na baada ya Mahakama ya Kadhi kutugawia mirathi tulikubaliana kwamba nyumba iuzwe na kila mmoja achukue fungu lake. Kaka ndiye aliyependekeza kampuni ya udalali inayofanya kazi zake zote kwa mtandao, kwa kuwa angeweza kufuatilia kila hatua akiwa huko huko, bila mimi kumpigia simu kila usiku kumsimulia nani amekuja na nani amesema nini. Nimeitumia kampuni hiyo kwa miezi saba, kwanza kuuza nyumba hiyo na kisha kutafuta fleti ya kununua. Jina lake naliacha, na hapa naeleza huduma yenyewe jinsi nilivyoipata.

Kujisajili kulichukua dakika ishirini, na nakiri kwamba nilifurahi. Ada ya kuanzia ilikuwa shilingi 7,500, ikijumuisha picha, tangazo la miezi sita na ukurasa wa kuonyesha ni watu wangapi wamelitazama tangazo. Furaha iliishia kwenye kisanduku cha tano cha fomu, kilichodai nambari ya hatimiliki ya ardhi na kukataa kuachwa kitupu. Nyumba yetu haina nambari hiyo, wala haijawahi kuwa nayo, kwa sababu ni nyumba bila ardhi.

Kwa msomaji asiye wa Pwani, jambo hili linahitaji maelezo, kwa kuwa ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata. Katika sheria tuliyoirithi kwa Waingereza, kilichojengwa juu ya ardhi huhesabiwa kuwa ni mali ya mwenye ardhi. Desturi ya mwambao haikuwa hivyo: nyumba ina mwenyewe, ardhi ina mwenyewe, na minazi iliyo uani huenda ikawa na mwenyewe wa tatu. Ndiyo maana Majengo, Kisauni na Likoni zipo nyumba nyingi ambazo wenyewe wanazimiliki kuta na paa, ilhali kila mwezi wanalipa kodi ya kiwanja kwa familia inayomiliki ardhi, au kwa wakfu. Baba alizihifadhi stakabadhi za kodi hiyo ndani ya kopo la biskuti, zimefungwa kwa mpira mwaka baada ya mwaka, na kopo hilo ndilo lililokuwa hati yetu.

Nilimwandikia mhudumu kwenye gumzo la programu nikamweleza haya yote. Alinijibu kwa adabu, akiniita mteja mpendwa, kwamba niandike sufuri nne ili fomu ipite. Nikaandika. Kumbe mashine inayokadiria bei ilizisoma zile sufuri kama nambari halali ya kiwanja, ikatuhesabu miongoni mwa watu wenye ardhi kisiwani Mombasa, na papo hapo ikatupa thamani ya shilingi milioni 9.5. Kaka aliiona kabla yangu. Ilinichukua siku nne na simu tatu ndefu kumshawishi kwamba milioni hizo zilikuwa za ardhi ya watu, na kwamba mafundi na majirani niliowauliza walikuwa wanataja kati ya milioni mbili u nusu na tatu. Hadi leo sijui kama alinisadiki kabisa au alichoka tu kubishana.

Picha zilipigwa vizuri. Kijana aliyetumwa alikuja kwa wakati, akafungua madirisha yote, akaomba radhi kabla ya kusogeza mkeka na birika la shangazi, na akajua kupiga ukumbi kutoka pembe ambayo mwanga wa uani unaingia hadi mlangoni. Lakini maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yaliandikwa na mtu ambaye, nadhani, hajawahi kuketi ndani ya nyumba ya namna hii. Ukumbi uliitwa sebule ndefu. Baraza iliitwa veranda. Kisima hakikutajwa kabisa, ingawa kwa mtu wa Majengo, anayejua mabomba yanavyokauka siku tatu mfululizo, kisima, hata cha maji ya chumvichumvi ya kuoshea vyombo na kufulia, kinaongeza bei kuliko rangi mpya ya ukuta. Niliomba marekebisho mara mbili. Baraza ikarejeshewa jina lake, kisima hakikuingia.

Katika wiki sita za kwanza nilipokea simu arubaini na kitu, na watu tisa wakafika kuiona nyumba. Hapo niseme wazi kwamba dalali wa mtaani asingeweza kunipatia watu hao: mmoja alitoka Garissa, wawili walikuwa wanaishi Uingereza na wamekuja likizo, mwingine alimtuma mdogo wake kutoka Voi. Tatizo ni kwamba wote walikuwa wakitafuta nyumba yenye ardhi, kwa kuwa tangazo halikuwaambia vinginevyo. Shangazi, ambaye anakaa nyumba ya pili na hushinda kwenye baraza yetu tangu alasiri, alichukua jukumu la kuwapunguzia safari. Mgeni akishatoa salamu na kukaribishwa, alikuwa anamwuliza: "Mwanangu, ardhi unaijua ni ya nani?" Wengi hawakufika hata ukumbini. Aliyekuwa na mkopo wa benki mkononi alituambia, bila hasira, kwamba benki yake haiwezi kupokea dhamana isiyo na hatimiliki, akanywa kahawa yake akaenda zake.

Nilidai tangazo liandikwe waziwazi, mstari wa kwanza kabisa, kwamba inauzwa nyumba bila ardhi na kodi ya kiwanja ni kiasi fulani kwa mwezi. Hili lilifanyika baada ya siku kumi na moja. Simu zikapungua mpaka mbili au tatu kwa wiki, lakini sasa walikuwa watu wanaojua wanachokiuliza, na hilo linathibitisha kwamba chombo chenyewe si kibovu kikipewa maneno sahihi.

Mnunuzi alipatikana mwezi wa nne, na jinsi alivyopatikana ndiyo chanzo cha ugomvi wangu mkubwa na kampuni. Mmoja wa majirani aliichukua picha ya ukumbi kutoka kwenye tangazo akaituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa mtaa. Dalali wa hapo Majengo, mzee anayejulikana kila kichochoro, akaiona akamletea binamu yake mwenye duka la vitambaa. Tulikubaliana shilingi milioni 2.6. Tukaenda kwa mwenye ardhi pamoja na kopo la stakabadhi, akaridhia mpangaji mpya wa kiwanja, na wakili akaandika mkataba uliotiwa saini na pande zote mbele ya mashahidi, kama Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inavyotaka kwa mauzo ya mali ya aina hii. Kampuni haikuwapo katika hatua hata moja kati ya hizo. Hata hivyo siku ya pili nilipokea ankara ya udalali wa 3%, yaani shilingi 78,000, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya 16%, jumla shilingi 90,480.

Nilipolalamika nilioneshwa kifungu cha tisa cha masharti niliyoyabonyeza siku ya kwanza bila kuyasoma. Kinasema kwamba kwa miezi sita kampuni ndiyo dalali pekee, na udalali unalipwa vyovyote mnunuzi atakavyopatikana, awe ameletwa na kampuni, na jirani au na muuzaji mwenyewe. Wakili wangu alikisoma akaniambia kinanifunga. Kosa la kutosoma ni langu na sitalikwepa. Lakini kifungu chenye uzito wa shilingi elfu tisini kilistahili kuandikwa mahali pa wazi zaidi kuliko ndani ya kurasa kumi na nne za maandishi madogo yanayosomwa kwenye simu, na mhudumu aliyeniona nikihangaika na sufuri nne angeweza kunitajia. Baada ya barua mbili walinipunguzia shilingi 20,000. Mzee wa Majengo naye tulimpa haki yake, kwa hiyo nyumba moja ililipiwa udalali mara mbili. Anayetaka kutumia huduma kama hii aulize kabla ya jambo lolote kama mkataba ni wa dalali pekee, kwa muda gani, na kama mnunuzi ambaye muuzaji amempata kwa juhudi zake ameondolewa humo.

Upande wa kununua nitaueleza kwa kifupi, kwa kuwa huko nilikuwa nimeshaerevuka. Kwa fungu langu na akiba nilitafuta fleti ya vyumba viwili Bamburi, na programu yao ya kutafutia ni nzuri kwelikweli: unachora duara kwenye ramani, unataja bei, na matangazo yanakuja yakiwa na tarehe yalipowekwa. Niliona fleti kumi na mbili kwa kutumia simu na nikaenda kuziona nne tu, na kwa mtu anayetoka Mikindani na kuvuka kisiwa kizima hadi daraja la Nyali ili afike huko, hiyo ni nauli na jasho lililookolewa.

Niliyoipenda ilikuwa ya shilingi milioni 4.5, na kwenye tangazo lake palikuwa na alama ya kijani iliyoandikwa "Imethibitishwa". Niliuliza kwenye gumzo ni kitu gani hasa kilichothibitishwa. Jibu lilikuja baada ya siku nne: kitambulisho na nambari ya simu ya aliyeweka tangazo. Si hatimiliki, wala si umiliki wa jengo, wala si deni. Wakati huohuo kijana aliyenionyesha fleti alikuwa ananihimiza nitume shilingi 50,000 za kuishikilia, kwa M-Pesa, kwenye nambari yake binafsi, akisema kuna mtu mwingine anakuja jioni. Nilimwuliza kama amesajiliwa na bodi inayosimamia mawakala wa nyumba chini ya Sura ya 533, akaniambia yeye hulipwa kwa kila mgeni anayemtembeza. Kampuni, nilipoipigia, ilikana kwamba inaruhusu malipo ya namna hiyo, lakini siku mbili baadaye kijana huyohuyo alikuwa bado anaonyesha nyumba zao.

Sikutuma. Nilimwomba wakili afanye uchunguzi rasmi katika ofisi ya msajili wa ardhi, na majibu yalionyesha kwamba hati ya kiwanja kizima cha jengo hilo imewekwa rehani benki na mjenzi. Fleti zenyewe zilikuwa bado hazijapatiwa hati zake moja moja, ingawa sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo inataka kila mwenye fleti awe na hati yake. Pengine mjenzi angeilipa benki na mambo yakaisha salama. Mimi sikutaka kuwa miongoni mwa watakaosubiri kuona. Nilinunua nyingine, barabara mbili nyuma yake, iliyotangazwa na kampuni hiyohiyo bila alama yoyote ya kijani, ila muuzaji alileta hati yake mwenyewe mezani kwa wakili siku ya kwanza. Asilimia kumi niliilipa kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na salio ndani ya siku tisini za mkataba.

Mahesabu yao ya gharama nayo yanahitaji kutazamwa kwa jicho la pili. Kikokotoo kilichopo kwenye tovuti kilinipa bei ya fleti na ada ya wakili tu, kikaiacha nje kodi ya stempu, ambayo mjini ni 4% na kwangu ilikuwa shilingi 172,000 kwa fleti ya milioni 4.3. Ukurasa wa maelezo kwa wauzaji ulikuwa bado unataja kodi ya faida ya mauzo kuwa ni 5%, ilhali kiwango hicho kilipandishwa hadi 15% tangu Januari 2023. Niliwaandikia kuhusu yote mawili. La pili limerekebishwa.

Kaka ananiuliza kama ningewatumia tena. Kutafuta nyumba, ndiyo, bila kusita. Kuuza, ningewatumia kwa fleti au nyumba yenye hati safi, baada ya kukifuta kile kifungu cha tisa. Nyumba ya Kiswahili ya mtaani ningempelekea mzee wa Majengo nikamkabidhi na zile picha.

Tangazo letu bado halijaondolewa, ingawa funguo tulizikabidhi miezi mitatu iliyopita na mwenye duka la vitambaa ameshapaka kuta rangi ya samawati. Kila mwisho wa wiki hunipigia mtu mmoja au wawili, nami huwaeleza kwamba imeshauzwa. Jumamosi iliyopita alipiga bwana mmoja kutoka Lamu, na baada ya salamu, kabla hajataja bei, aliuliza ardhi ni ya nani. Nilimpa nambari ya mzee.