Noti za kasi ya mmenyuko, Darajani: nunueni, ila shikeni kalamu
Noti hizi za kemia ya kidato cha sita, zinazouzwa stesheneri moja ya Darajani, Unguja, thamani yake ni mfano wa 2NO + O₂ → 2NO₂. Hatua ya kwanza ni ya haraka na hurudi nyuma: NO mbili huunda N₂O₂. Ya pili, ya polepole, N₂O₂ hukutana na O₂. Wengi huandika kasi = k₂[N₂O₂][O₂] (mabano ni ukolezi, k₂ ni namba thabiti ya kasi ya hatua ya pili), wakaishia hapo. Kosa! N₂O₂ haimo kwenye mlinganyo wa jumla, lazima iondolewe: [N₂O₂] = K[NO]² (K ni namba thabiti ya msawazo wa hatua ya kwanza), hivyo kasi = k₂K[NO]²[O₂]. Hapa wameeleza vizuri mno.

Fomula ya hali tulivu, yaani ukichukulia ukolezi wa N₂O₂ haubadiliki, k₁k₂[NO]²[O₂]/(k₋₁ + k₂[O₂]), imekuja bila hatua zake; k₁ ni ya hatua ya kwanza kwenda mbele, k₋₁ ya kurudi nyuma. Tena kopi imefifia, k₋₁ inasomeka k₁. Ikozeni alama ya kutoa.