Bushi zisizohitaji grisi: ubora wake husomwa kwenye shafti

Nilizifunga bushi hizi (mirija mifupi ambamo shafti huzungukia) za PTFE, plastiki telezi ijulikanayo kama Teflon, iliyochanganywa na kaboni na grafiti, kwenye mashine ya kufungashia, mahali ambapo grisi ilikuwa ikinasa vumbi na kugeuka kuwa kama msasa. Baada ya miezi kadhaa ya kufanya kazi bila mafuta, naziona ni bushi nzuri sana, ingawa sababu ya uzuri wake si ile inayotangazwa na mtengenezaji.

Tangazo husifia utelezi, na utelezi upo kweli: kizigeu cha msuguano cha PTFE kikavu juu ya chuma kilichosawazishwa huweza kushuka hadi kati ya 0.05 na 0.10. Lakini PTFE tupu, pamoja na utelezi wote huo, hulika upesi mno kwa kuwa huchunika vipande vipande. Vijazo, yaani ile kaboni na grafiti, ndivyo vinavyoiokoa, kwa kubeba mzigo na kuzuia uchunikaji, hata kulika kukapungua mara mia na zaidi.

Nilipofungua mashine, nilikuta shafti imepakwa utando mwembamba wa kijivu, ulioshika sawasawa pande zote. Huo ndio uhai wa bushi, kwani tangu unapokamilika, bushi husuguana na nyenzo yake yenyewe badala ya chuma, na kulika kwa siku za mwanzo hutulia. Ndiyo maana namsihi fundi asiufute akidhani ni uchafu, wala asitie tone la mafuta kwa nia ya kusaidia, maana mafuta huweza kuuzuia usijengeke. Shafti nayo isiwe na mikwaruzo, itakayoikereza bushi, wala isisuguliwe hadi ing'ae kama kioo, utando ukakosa pa kushika.

Grafiti iliyomo nayo hutegemea unyevu wa hewa ili tabaka zake ziteleze. Penye ombwe, yaani pasipo hewa, kilainishi kingine kikavu, molibdeni disalfaidi, hufaa zaidi.

Lawama yangu ni kwa karatasi ya maelezo. Inataja mzigo wa juu kabisa na kasi ya juu kabisa, kila kimoja peke yake, bila kutaja kikomo cha zao la shinikizo na kasi (shinikizo mara kasi), ambalo ndilo huamua joto la msuguano, na polima, yaani plastiki kama hii, hupitisha joto vibaya. Bushi moja niliyoifunga kwenye shafti ya kasi, bila kuvuka kiwango chochote kilichoandikwa, ilipata joto, ikalegea na kupoteza umbo. Shafti za mwendo wa polepole nitazifungia hizi tena. Ile ya kasi nimeirudishia bushi ya shaba na mafuta yake.