Metro ya Dubai: kabla hujalipia kitanda Sharjah soma hii kwanza

Kuna swali linarudi kila siku kwa watu wanaojiandaa kuja Dubai na wale waliofika juzi bado wamejibanza kwa ndugu, kwamba hii metro inafaa kweli au ni picha za matangazo tu. Mimi naitumia kwenda kazini kwa hiyo nitasema ninachokijua. Treni yenyewe naipa nyota tano, sibishani na mtu. Ila ukiniambia niipe nyota safari nzima, kuanzia unapofunga mlango wako mpaka unaposaini kuingia kazini, hapo nakuuliza kwanza unalala wapi, maana hilo ndilo linaamua kila kitu na wengi wetu tunalala mbali na reli.

Tuanze na foleni kwa sababu bila kuijua foleni ya hapa utaona metro ni anasa tu. Mwaka 2018 Dubai ilikuwa na watu kama milioni 3 hivi, sasa hivi wanagonga milioni 4, na mpango wao wa mji wa 2040 unapiga hesabu ya watu milioni 5.8. Hao ni wanaolala Dubai, hujaweka wale wanaolala Sharjah na Ajman, miji jirani, kukimbia kodi na kila asubuhi wanaingia Dubai kutafuta riziki. RTA, ndio mamlaka ya barabara ya hapa, walishasema mchana magari ndani ya Dubai yanafika milioni 3.5, hebu piga hesabu mwenyewe hiyo ni karibu gari moja kwa kila kichwa ukiweka na watoto wachanga. Halafu mji umekaa mrefu kandokando ya bahari, nyuma yake jangwa, kwa hiyo barabara kubwa zinakimbia sambamba upande mmoja: Sheikh Zayed Road, nyuma yake E311, nyuma yake tena E611. Asubuhi umati wote unatoka kaskazini kwenda kusini, jioni umati huohuo unageuza. Sasa hata uwe na njia sita kila upande, watu wote wakitaka kwenda kulekule saa ileile utafanyaje.

Kipande kibaya kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Al Ittihad, ile ya kutoka Sharjah kuingia Dubai. Ni mwendo mfupi tu ambao usiku wa manane unaukata kabla wimbo wa tatu haujaisha kwenye redio, lakini saa 1 asubuhi unaweza kula saa nzima na ukaomba msamaha kwa bosi juu yake. Serikali haijakaa bure, tuseme ukweli, kuanzia Januari 2025 malori yamekatazwa jioni kwenye Emirates Road (ndio ile E611) kuanzia Al Awir hadi Sharjah, saa 11 na nusu mpaka saa 2 usiku, na barabara zinapanuliwa kila kona. Ila wakipanua tu, magari yanakuja kuijaza, maana watu wanaongezeka haraka kuliko lami.

Na mwenye gari analipa kukaa foleni! Salik, yale mageti ya kukata pesa bila kusimama, ilianza 2007, na Novemba 2024 wakaongeza mageti mawili yakafika 10. Tangu mwisho wa Januari 2025 bei inapanda na kushuka kwa saa: asubuhi saa 12 hadi saa 4 na jioni saa 10 hadi saa 2 usiku ni dirham 6 (dirham ndio pesa ya hapa) kila ukipita geti, saa nyingine 4, na kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi bure. Wazo ni kwamba watu wahamishe safari zao. Sawa, kwa mwenye ofisi yake anaweza kuhamisha, lakini mtu wa shifti akaseme nini kwa supavaiza? Kwamba nitakuja saa 4 na nusu nisubiri Salik ishuke?

Basi ndio nije kwenye metro. Ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, Red Line hiyo, Green Line ikafuata 9 Septemba 2011 (hawa jamaa wanaipenda hiyo tarehe), na mwaka 2021 Red Line ikaongezewa tawi la kwenda Expo, kule kwenye uwanja wa maonyesho ya Expo 2020. Jumla ni kama kilomita 90 na stesheni 53. Haina dereva, inajiendesha, na ndio maana utaona watu wazima na ndevu zao wanagombea kukaa kiti cha mbele kabisa waone reli, mimi siwalaumu.

Bei ndio inanifurahisha. Kadi ya nol ya silver, ndio kadi ya kulipia nauli, unanunua dirham 25, ndani inakuja na salio la 19. Ukisafiri ndani ya zoni moja unakatwa 3, zoni mbili zinazopakana 5, zaidi ya hapo 7.5 hata uende mwisho wa reli. Ukishuka treni ukapanda basi ndani ya nusu saa wanakuhesabia safari moja, hawakati upya. Kama unaenda kila siku kuna pasi ya mwezi ya zoni zote dirham 350. Weka hiyo pembeni, kisha uhesabu Salik, mafuta, parking na bima uone mwenyewe.

Lakini zaidi ya bei ni uhakika. Hili watu hawalisemi vya kutosha. Ukipanda pale Al Qusais saa fulani unajua utashuka BurJuman saa ngapi, na foleni ya chini inakuhusu kama filamu tu, unaitazama dirishani. Kwa mtu anayekatwa mshahara akichelewa hicho kitu hakina bei. Mara chache sana imekwama, kubwa ninayoikumbuka ni mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, ile iliyokuwa kubwa kuliko zote nchi hii tangu waanze kuweka rekodi 1949, stesheni nne zikafungwa zikaja kufunguliwa tena mwezi Mei. Ila siku ile hata magari yalikuwa yanaelea kwa hiyo sihesabu.

Sasa mabaya yake. Inajaa. 2024 peke yake ilibeba abiria milioni 275.4, na stesheni ya BurJuman ndio iliongoza kwa watu, milioni 16 na kitu. Asubuhi na jioni pale BurJuman na Union, ambapo mistari miwili inakutana, usije na mizigo wala usije na hasira. Mwili wako unabebwa na watu, unaingia bila kupiga hatua. Ukiweza kuvumilia dakika chache treni nyingine inakuja, usipigane na mlango unaofunga. Kuna behewa la gold ambalo nauli ni mara mbili, yaani kama silver ni 7.5 wewe unalipa 15, na asubuhi nalo linajaa vilevile, kwa hiyo sioni pesa inaenda wapi labda unalipia viti vya ngozi kwa macho. Behewa la wanawake na watoto lina alama ya pinki chini, kaka zangu angalieni miguu yenu iko wapi, maana wakati wa msongamano mtu anasukumwa taratibu anajikuta amevuka mstari na wakaguzi wako palepale, dirham 100. Kula, kunywa, kutafuna bigijii, zote faini. Wapya wengi wanaliwa hapo kwa chupa ya maji tu.

Jumapili inaanza saa 2 asubuhi. Siku za kazi ni saa 11 alfajiri, lakini Jumapili saa 2, na kuna maelfu ya watu wa hoteli, usafi na ulinzi wanaoingia shifti ya saa 12 au saa 1 siku hiyohiyo ya Jumapili. Hilo nalipunguzia nyota nzima kabisa sitaki kusikia utetezi. Mji unaokula na kulala hotelini siku saba za wiki usiwape wafanyakazi wake treni siku sita na nusu.

Na kubwa zaidi, lile nililosema mwanzoni, ni kwamba reli inapita pale ilipopita, haipiti tunapolala. Haivuki kwenda Sharjah. Watu wanafika Dubai wanaambiwa kitanda Sharjah, yaani nafasi ya kulala kwenye chumba cha kuchangia, ni nafuu, wanalipia mwezi wa kwanza na dipoziti, ndio wanagundua kwamba ile pesa waliyookoa wanaitoa tena barabarani kwa nauli na usingizi. Usingizi hasa. Mtu anaamka saa 10 alfajiri kwa kazi ya saa 2 asubuhi, jioni anafika saa 3 usiku, anapika saa ngapi, anaongea na watoto nyumbani saa ngapi.

Hapo katikati ndio wanaingia watu wa kalifti, zile gari binafsi za kulipia kwa mwezi zinakuchukua mlangoni. Kuna wenye vibali na kuna wengi hawana, na wasio na vibali wakikamatwa gari linazuiliwa na nyinyi abiria mnabaki juani. Nilishawahi kupanda moja, mwenyewe namhifadhi jina, siku za mwanzo alikuwa mtaratibu kama sheikh, mwezi wa pili akaanza kuongeza abiria wa mitaa mingine bila kutuambia, tukawa tunazunguka kuchukua watu wakati foleni inazidi kushona, na ukimpigia simu hapokei mpaka afike. Ukilazimika kalifti muulize vitu viwili kabla hujatoa pesa: kibali kiko wapi, na kabla yako anachukua watu wangapi na wapi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kweli ni huu. Tafuta kitanda kwa ramani ya metro, sio kwa bei. Upande wa Green Line angalia Al Qusais na Al Nahda. Ila Al Nahda angalia vizuri sana, ziko mbili, moja ya Dubai na moja ya Sharjah, zimepakana, na dalali atakuandikia "Al Nahda" tu akae kimya. Ya Sharjah sio mbaya kama uko jirani na mpaka, kuna watu wanavuka kwa mguu wakapande treni upande wa Dubai na maisha yanaenda, ila ijaribu hiyo njia mchana wa Julai kabla hujasaini. Joto linapita 40, madaraja ya kuingilia stesheni yana kiyoyozi lakini ukitoka nje ya daraja uko peke yako na jua, na kilomita moja ya Julai sio kilomita moja ya Januari. Deira ina kelele na vyumba vimebanana ila treni iko chini ya miguu yako. Kama kazi yako iko kusini, Jebel Ali au Dubai Investment Park, usiangalie kaskazini kabisa, kaa Discovery Gardens au hukohuko Investment Park, tawi la Expo linapita.

Wanaoishi International City, Silicon Oasis na Academic City, kwenu kuna Blue Line inajengwa, kilomita 30, stesheni 14, itaungana na Red Line pale Centrepoint (Rashidiya ya zamani) na Green Line pale Creek. Inatarajiwa Septemba 2029, tarehe 9 bila shaka. Mpaka siku hiyo ni basi au kalifti, na dalali akikuambia "metro inakuja" muulize kama kodi nayo itasubiri 2029.

Kitu cha mwisho kwa wageni wa Red Line. Siku hizi treni za kwenda kusini haziendi zote sehemu moja, nyingine zinaenda Expo na nyingine zinaenda mwisho wa zamani, ule wa UAE Exchange ambao sasa una jina jingine, zinapishana zinagawanyikia Jebel Ali (siku hizi stesheni hiyo inaitwa National Paints). Soma kibao cha juu kabla mlango haujafunga, na ukiona umepanda isiyo yako shuka Jebel Ali ubadilishe, hulipi upya ukiwa hujatoka getini.